Mpe Ubani, Upepo Utoke

Hotuba ya Bi Azza Awadhi katika hafla ya kumuaga Sista Clotilda, muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji wa kina mama, ukumbini Mchafukoge

Mheshimiwa Diwani wetu. Daktari Mfawidhi wa hospitali. Daktari Theophil, bingwa wa upasuaji wa saratani za kina mama, ambaye kwa ndani ananijua kuliko ninavyojijua mwenyewe. Sista Clotilda, mwenye shughuli yake. Waheshimiwa viongozi wa dini. Wauguzi wote mliopendeza na vitenge vyenu vya sare. Majirani zangu wa Kariakoo mliofunga maduka mapema, jambo ambalo hamlifanyi hata kwenye misiba. Na wewe mume wangu Muhiddin, Baba Huda, uliyejiweka karibu na meza ya chakula wakati hata sufuria hazijafunuliwa: Assalaam aleikum! Tumsifu Yesu Kristo! Bwana asifiwe! Na wale ambao hamjaitika hata moja, habari za jioni.

Kaeni, kaeni. MC Lucky ameniambia niwe mfupi. Mwanangu Lucky, mimi mfupi tangu kuzaliwa, kwa hiyo hilo tumeshalimaliza.

Kwa wasionijua, naitwa Azza, Mshihiri wa hapa hapa mjini, nauza udi, marashi na ubani Mtaa wa Narung'ombe. Nimeombwa niseme neno kwa niaba ya wagonjwa waliopita mikononi mwa Sista Clotilda. Nimekubali kwa furaha. Lakini sitawadanganya, nimekubali pia kwa sababu nina shida yangu binafsi, na shida hiyo imekaa safu ya tatu, imevaa dera la zambarau na miwani ya jua ndani ya ukumbi.

Yule anaitwa Siti. Ni mke mwenzangu, bi mdogo wa Baba Huda. Siti ana saratani ya mlango wa kizazi. Daktari Theophil amesema imekutwa ingali ndogo, inatoka, ila haitamsubiri mtu. Amepangiwa upasuaji mara mbili na mara mbili hakutokea. Mara ya kwanza alisema ana mafua. Mara ya pili alisema kontena lake la mapazia linatoka bandarini, kana kwamba mapazia yangemkimbia. Sasa amepangiwa Jumatatu hii inayokuja, na Ijumaa yake Sista anakabidhi funguo za wodi aende zake Kibosho akapumzike. Leo asubuhi Siti ameniambia haendi. Nikamwuliza, je, naweza kukutaja mbele za watu? Akanijibu, "Nitaje, mradi useme mimi ndiye mdogo." Haya, nimesema. Ni mdogo. Tumepishana Ramadhani moja tu.

Kwa nini haendi? Msidhani anaogopa kisu. Siti aliwahi kumfukuza kibaka Mtaa wa Kongo kwa bomba la pazia mpaka kibaka akaomba polisi. Anachoogopa ni kulala hospitali. Zamani shangazi yake alifanyiwa upasuaji wa kizazi, huko mbali, akalazwa mpaka paka wa wodini wakamjua kwa jina. Kidonda kilipona vizuri. Kulala ndiko kulikomharibu: kifua kikajaa, mguu ukavimba, akatoka pale hajiwezi. Siti alikuwa anamtazama. Hilo silicheki.

Lakini kuna sababu ya pili, na hiyo naicheka. Siti anaamini akilazwa mwezi mzima, mimi nitachukua zamu zake. Jamani! Siti, mimi zamu zangu mwenyewe zinanichosha! Baba Huda, usinune, watu wote wanajua unavyokoroma.

Waheshimiwa, nawaulizeni, zamani mtu akipasuliwa tumbo alikuwa anatendewaje? Si alikuwa anashindishwa na njaa tangu jana yake, akitoka analazwa chali, asile, asinywe, asigeuke, na wifi yake kando anamwambia usicheke mshono utafumuka? Na nani alijiuliza kama ndiyo dawa au ni mazoea tu?

Daktari Theophil alijiuliza. Alikwenda mafunzoni akarudi na utaratibu mwingine: kwamba mgonjwa apewe kinywaji kitamu saa chache kabla ya upasuaji, asiingie amelegea, kwamba maumivu yatulizwe kwa dawa zisizomfanya alale kutwa, kwamba mpira wa mkojo utoke mapema, ale mapema, aamke mapema, na akiwa sawasawa, arudi kwake mapema. Aliyekuwa wa kwanza kukataa, mnamjua? Sista Clotilda! Mwenyewe amenisimulia. Alisimama kwenye kikao akasema, "Daktari, mimi siwezi kumlisha uji mtu aliyefunguliwa tumbo jana. Mlishe wewe, mimi nitashika ndoo." Daktari akachukua kijiko, akamlisha mgonjwa, Sista kasimama na ndoo yake. Mgonjwa akamaliza bakuli, akauliza kama hakuna chapati.

Tangu siku hiyo Sista akawa mkali wa utaratibu huo kuliko Daktari. Sista Clotilda akisema "amka mama," hata aliyekuja kumtazama mgonjwa anaamka. Shahidi ni Baba Huda, alisimamishwa akatembezwa korido nzima, na alikuwa amekuja na machungwa tu.

Sasa mimi yalinikutaje? Mimi damu ya kila mwezi nilishaiaga, tukapeana mkono, ikaenda zake. Siku moja ikarudi bila hodi. Nikasema hapana, hii si ya heri. Kina mama mlioko hapa, sikieni: ikirudi, usikae nayo ndani, nenda hospitali. Nikapimwa, ikaonekana saratani ya mfuko wa uzazi. Nikalia sana. Tena aliyenishika mkono nikilia si dada yangu wala si mwanangu Huda, alikuwa Siti, huku anasema, "Nyamaza, unaharibu wanja."

Asubuhi ya upasuaji Sista akaniletea kikombe cha kinywaji kitamu. Nikakataa.

"Sista, mimi nimenuia."

"Umenuia nini?"

"Kufunga. Mtu wa upasuaji si anafunga?"

"Nani kakwambia?"

"Siti."

"Siti ni daktari?"

"Hapana, anauza mapazia."

"Basi kunywa."

Nikanywa. Upasuaji ukapita salama, alhamdulillah, na ahsante Daktari kwa mshono mzuri, ingawa sina wa kumwonesha zaidi ya Baba Huda, na yeye miwani yake imevunjika.

Asubuhi iliyofuata Sista anataka nitembee. Mimi? Nitembee? Nikafumba macho nikajifanya nimezimia. Sista hakubishana. Akainama sikioni akasema, "Mama Huda, kuna mwanamke kule mwisho wa korido anauza udi. Anawaambia wagonjwa wa kwako umechanganywa na maranda."

Weee! Nani? Yuko wapi? Nikashuka kitandani, mkono mmoja nimeshika tumbo, mwingine nimeshika mfuko wa mkojo kama mkoba wa harusini, nikaifuata hiyo korido mpaka mwisho. Nikakuta dirisha na deki. "Yuko wapi?" Sista akasema, "Loo, ameondoka. Kesho atarudi." Na kesho nikaenda tena! Mimi, niliyezaliwa Kariakoo, nimeingizwa mjini mara mbili na mwanamke wa Kibosho!

Sasa nifike kwenye upepo. Viongozi wa dini, mnisamehe mapema.

Mtu akifunguliwa tumbo, utumbo unalala usingizi. Dalili kwamba umeamka ni mgonjwa kutoa upepo, ndivyo wanavyoita hospitali. Jina lake la nyumbani mnalijua, sitalitaja mbele ya Mheshimiwa Diwani. Basi katika ule utaratibu mpya mgonjwa anapewa bigijii atafune. Mdomo ukitafuna, utumbo unadhani chakula kinakuja, unashtuka, unaanza kazi. Sista wetu alisomea uuguzi Tanga, na Tanga bigijii aliwasikia wakiiita ubani, ubani wa kutafuna. Sasa mtu wa Kibosho akishapata neno la Pwani, hamwachii mtu.

Jioni ya siku ile ya kwanza ya kutembezwa, saa za kutazama wagonjwa, Siti amekaa pembeni yangu. Sista anapita na haraka zake, anauliza, "Wa Mama Huda, upepo umetoka?"

Siti akasema, "Bado."

Sista akasema, "Mpe ubani, upepo utoke." Huyo, kaenda zake.

Watu wa Pwani nawasikia mnaguna, mmeshafika kabla yangu. Kwa wageni wetu wa bara nitafafanua. Kwetu sisi upepo ni jini. Tukisema fulani ana upepo, maana yake amepandwa. Na jini hutolewa kwa nini? Kwa moshi wa ubani! Na huyu Siti, tangu aingie nyumba ile, amekuwa akimwambia Baba Huda, "Mkeo mkubwa ana upepo, hasira zile si zake peke yake." Leo anathibitishiwa na hospitali!

Siti akatoka mbio. Akaenda dukani kwangu, kwangu mwenyewe, akachagua ubani maka niliomfichia mteja wa Msasani. Akachukua chetezo. Akamchukua na Baba Huda awe mpuliza makaa. Mlinzi wa getini akawauliza, moto huu mnaupeleka wapi? Siti akasema, "Tumeagizwa na Sista." Na hakusema uongo! Mlinzi akawapisha, tena akaomba na yeye afukizwe kidogo, mambo yake hayaendi.

Mimi nimelala sina habari, nashtukia nimefunikwa shuka gubigubi, moshi umenijaa puani, na sauti ya Siti juu yangu: "Toka! Toka kwa wema! Kama una haja yako, sema!"

Nilikuwa na njaa jamani. Nikajibu kutoka humo ndani ya shuka, "Nataka uji."

Siti akapiga ukelele. "Limesema! Linataka uji!"

Na Baba Huda, mume wangu, mtu mzima, mwenye ndevu zake, akasogea karibu na shuka akasema kwa adabu zote, "Shikamoo. Uji wa ulezi au wa mchele?"

Mheshimiwa Diwani, ningefanyaje? Nilicheka. Sista alishanifundisha, ukikohoa au ukicheka kumbatia mto juu ya mshono. Nikaukumbatia ule mto kwa nguvu zangu zote, nikacheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko, upepo ukatoka. Ukatoka kwa heshima zake zote. Kitanda cha pili wakasema alhamdulillah, kitanda cha tatu wakasema haleluya, na Siti akaanguka chini akasujudu.

Ndipo Sista akaingia na jagi la maji. Akamwagia chetezo, akamwagia na Baba Huda. "Nani kawasha moto wodini kwangu? Hamuoni mitungi ya oksijeni? Mnataka kutulipua?"

"Sista, si umesema nimpe ubani?"

"Nimesema atafune!"

Siti akalitazama lile donge la ubani maka mkononi, gumu kama kokoto, akauliza, "Hili? Meno si yatabaki humu?"

Sista Clotilda, ambaye wodi nzima hatujawahi kuona hata gego lake, alikaa sakafuni na jagi lake, akacheka mpaka kofia ikamtoka. Tangu siku ile anasema bigijii, na akimwona mtu wa Pwani anamwonesha na paketi. Na Siti mpaka hivi leo anasema wauguzi hawahusiki, jini langu amelitoa yeye. Tazameni, anatikisa kichwa kukubali!

Nilirudi nyumbani, waheshimiwa, na mchicha niliouacha kwenye friji bado wa kijani. Sikufukuzwa. Nilikuwa nakula, natembea, choo ninakwenda mwenyewe, maumivu nayamudu kwa vidonge. Kuna dada kitanda cha pembeni alikuja na kisukari, huyo alikaa zaidi, na hakuna aliyemharakisha. Lakini kitanda changu kilipokuwa wazi, siku hiyo hiyo alilazwa mama mwingine aliyekuwa akisubiri Buguruni na uvimbe wake. Mnaona hesabu hiyo? Mimi kuamka mapema kulikuwa ni zamu ya mtu mwingine kuokolewa.

Na Sista hakuniacha. Kila asubuhi alinipigia simu kabla hata Baba Huda hajaniuliza nimeamkaje. Umekula? Umetembea? Una homa? Mshono unatoa maji? Mguu haujavimba? Akisikia sauti yangu imelegea anataka niwekwe kwenye video, anitazame macho. Siku moja alipiga na mchana, akanikuta nimelala, akaniambia, "Mama Huda, nitamtuma yule mwanamke wa udi." Nikaamka nikafagia.

Sista wangu, umekuwa ukitugombeza kwa faida yetu. Ulikubali kuacha ulichokizoea ukiwa mtu mzima, na umefundisha wodi nzima, na hawa vijana wako leo wanatembeza wagonjwa kwa sauti yako ile ile. Nakushukuru kwa kila mwanamke aliyerudi kwake akapika, akagombana, akafungua duka. Kina mama wa Kariakoo tumekuchangia zawadi, ipo pale kwenye kile kisanduku kikubwa. Yaliyomo yananukia, na usitafune.

MC Lucky, naona unanionesha saa. Ni nzuri. Nimebakiza la mwisho.

Siti. Vua hiyo miwani, nakuona unafuta macho kwa chini yake.

Sikia. Wewe uliwasha moto hospitalini kwa ajili yangu. Ulikuwa unadhani nimepandwa na jini, jini kubwa la kutisha, na hukukimbia. Ulisimama na kigae cha moto ukaliambia litoke. Sasa leo wenye maarifa wanataka kukutoa wewe kitu kibaya kweli, kidogo bado, na wewe unakimbilia mapazia? Unaogopa kulala mwezi. Nani kakwambia utalala mwezi? Watakuamsha kesho yake, uchukie, uwatukane, utembee. Utarudi zamu yako haijafika.

Nasema mbele ya Mheshimiwa Diwani, na mashehe, na mapadri, na mume wetu: nyumba ile, ukiondoka wewe, itanishinda. Nitagombana na nani? Nani ataniambia ukweli kwamba dera halijanikaa? Huda ana kwake. Baba Huda ndiye huyo, mmemwona. Nimekuombea mengi kwa Mungu miaka hii, Siti, mengine si ya kusema hadharani, lakini kufa sikukuombea hata siku moja. Sitaki kuzeeka bila wewe. Nakupenda, basi. Nimeshasema.

Anasema nini? Nyamazeni, nyamazeni, anasema kitu. Mpeni kipaza sauti. La, msimpe, hatakirudisha. Sema kwa nguvu, Siti.

Anasema, "Rudia, sijasikia."

Sirudii! Umesikia vizuri sana. Jumatatu ingia chumba cha upasuaji. Ukitoka, ukifumbua macho tu, mimi nitakuwa nimekaa hapo kitandani, na hapo nitarudia mara zote utakazotaka.

Eeh? Sema tena, wakusikie hadi nje.

Anasema, "Nitakuja. Usichelewe."

Daktari Theophil, umesikia. Sista Clotilda, umesikia. Jumatatu asubuhi mtatuona wawili, mimi nimembebea begi. Na nyinyi nyote mliotoa muda wenu mkaniazima masikio, Mwenyezi Mungu awalipe heri. Nashuka sasa, nimruhusu mke mwenzangu anililie begani.